Mmea wa Majani Meusi Katika Sufuria ya Mama Yako

Odile mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuaga wenzako wa kwaya, na ninavyowajua wanakwaya, hawatakuachia kabla hawajakuimbia kila wanachokijua, tangu nyimbo za Majilio hadi za Pasaka. Kwa hiyo nina mchana mzima. Nimekaa mezani na miwani yangu iliyofungwa waya upande mmoja, na kalamu hii nimeiazima kwa Mama Anyesi, jirani yetu. Aliniuliza mara mbili ninataka kuandika nini. Nilimwambia ninaandika orodha ya vitu vya safari. Unaona basi: karatasi haijapata hata mstari mmoja, na mimi nimekwisha kudanganya.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama Anyesi amekwisha kukuonyesha pasipoti uifiche wapi, na mama mdogo wako atakupokea Johannesburg na kukuambia usipite njia gani. Mimi sijawahi kuvuka mpaka wa Kasumbalesa, nikufundishe nini? Ninachojua ni kwamba magari makubwa yanayobeba shaba yetu hupita hapo kila siku, na shaba sijaiona ikirudi. Kesho basi lako litafuata njia ileile.

Ninataka kukuandikia juu ya mmea wa mama yako, ule wa majani meusi uliomo ndani ya sufuria kwenye kibaraza. Jumapili, tulipotoka misa, ulisimama mbele yake, Mama Anyesi akiwa anasikia, ukaniambia, "Tata, utanichungia maua ya mama. Nitarudia, nitaikuta, sivyo?" Nikakujibu, "Ndiyo, mwanangu. Haina shida." Ukacheka, ukaenda kupiga pasi nguo zako kama mtu aliyetua mzigo. Ile "ndiyo" yangu imenikalisha hapa. Mmea huo unakufa, Odile, na kuna jingine baya kuliko hilo. Nitalifikia. Ukiniona ninazungukazunguka, nivumilie, maana njia hii sijaizoea.

Nianze na mama yako, kwa kuwa kwake ninajisikia salama.

Mmea ule alipewa na mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao, ambaye mama yako alikuwa amemshonea mapazia miaka mitatu. Yule mama aliuita filodendro. Sisi tukauita maua, ingawa haujawahi kutoa ua hata moja mbele ya macho yangu. Mama yako hakuwa na chungu cha kuuweka, akatoboa matundu chini ya sufuria yake ya zamani ya aluminiamu, ile iliyopinda mdomo. Nilimwambia anaharibu sufuria nzuri. Akaniambia, "Ile sufuria weye uliipinda siku ile ulirudia umelewa. Wacha ikuwe na kazi."

Nilikuwa mnywaji, unakumbuka kidogo, nadhani. Jumamosi mama yako alichukua bia iliyobaki chini ya chupa yangu, akalowesha kitambaa, akapangusa majani moja moja, mbele na nyuma, mpaka yakang'aa kama viatu vya padri. Nikilalamika, alisema, "Afazali maua ilewe." Alipomaliza, aliizungusha sufuria kidogo ili upande uliokuwa gizani nao uone dirisha.

Na jani jipya lilipotoka! Hilo lazima unalikumbuka. Linakuja limejiviringisha, halafu linafunguka likiwa jekundu la shaba, jororo, na huchukua wiki kadhaa kabla halijawa jeusi kama ndugu zake. Mama yako alikuita uje uone kila mara, kana kwamba ni mara ya kwanza. "Iyi njo shaba yetu, Odile. Ile ingine yote iko ya benyewe," yaani ya wenye migodi. Ulikuwa na miaka sita ulipochukua msumari ukachora herufi O kwenye jani moja la shaba. Ulitaka kuandika jina lako lote, mama yako akakushika mkono. Jani likakua, na O yako ikakua nalo, mpaka ikawa pana kuliko kizibo cha chupa. Hakukupiga. Alisema jani hilo sasa limebatizwa.

Alikufa mwezi wa sita, wakati wa baridi. Kilio unakijua: vyombo vyote hutolewa sebuleni ili akina mama wakae juu ya mikeka na marehemu. Viti vikatoka, kabati likatoka, na mmea nao ukatoka. Mtu fulani aliuweka uani karibu na moto wa wanaume, na hapo ukakaa siku saba. Mchana jua kali, usiku baridi ile inayouma masikio, moshi, na vumbi la barabara. Niliuona kila siku. Niliona majani yakikauka pembeni. Sikumwambia mtu yeyote ausogeze, kwa sababu niliona aibu: watu watasemaje, mwanamume amefiwa na mke halafu anahangaikia maua? Kwa hiyo nikakaa juu ya kiti kama mfiwa mzuri. Hilo ni kosa langu la kwanza, na hata leo nikiona moto wa kilio ninauona mmea ule pembeni yake.

Baadaye ulirudi shuleni Lubudi, kwa masista, na nyumba ikabaki na mimi. Nikaacha pombe. Watu walinisifu, lakini ukweli ni kwamba hata pombe ilikuwa haina ladha bila mtu wa kunisema. Nikaanza kuutunza mmea. Asubuhi nilimwagilia kikombe, jioni kikombe kingine. Majani yakalegea, nikafikiri una kiu, nikaongeza. Yakalegea zaidi, nikaongeza tena. Hakuna aliyeniambia kwamba mmea uliozama na mmea wenye kiu hulegea sawasawa. Nilikuwa ninauzamisha mwenyewe huku ninausemesha.

Mwenzangu mmoja kazini akaniambia udongo umeshika maji mno, unahitaji mchanga. Sasa, Odile, unajua nilikofanya kazi: upande wa Kingamyambo, kwenye mabaki, mchanga ule mwororo unaobaki baada ya mawe kusagwa na shaba kutolewa kwa dawa kali, ambao sasa wanausaga na kuusafisha tena kutafuta iliyosahaulika. Miaka ishirini niliukanyaga. Tuliupangusa midomoni kabla ya kula mkate. Wenzangu wengi wamepiga lipu nyumba zao kwa mchanga huo, ni mzuri, hauna kokoto, na kwetu sisi mchanga ni mchanga. Nikajaza mfuko mmoja. Nikaung'oa mmea, nikachanganya nusu udongo nusu mchanga wa mabaki, nikaupanda upya. Nilijivuna. Nilikupigia simu kwa masista kukuambia, na ulifurahi.

Haukumaliza mwezi. Jani la kwanza likageuka manjano, halafu yote, halafu shina likalala. Nilipoutoa, mizizi ilikuwa imeungua yote, na ilibaki mkononi mwangu kama tope. Nilichimba shimo nyuma ya choo, nikaufukia. Mmea wa mama yako, Odile, ulikufa ukiwa na miaka kumi na tano. Mimi ndiye niliyeuua, kwa maji na kwa mchanga wa kazi yangu.

Ule ulioko kibarazani si wake.

Nimeandika. Nimesimama, nimekunywa maji, nimerudi, na bado imeandikwa.

Wiki ileile ulipiga simu. "Tata, maua ya mama iko namna gani?" Nikasema, "Iko muzuri." Neno lilitoka lenyewe. Ulikuwa umebakiza wiki tano kuja likizo. Nikaanza kutafuta. Nilizunguka mji mzima nikichungulia madirisha ya watu kama mwizi, mpaka nikafika kwenye nyumba moja kubwa ya wakubwa, nikamkuta mtunza bustani, Tata Kazadi, Mungu amrehemu. Alikuwa na vichipukizi vinne vya majani meusi ndani ya makopo ya maziwa. Nilimpa redio yangu, akanipa kilicho kikubwa kuliko vyote. Ulipouliza redio iko wapi nilisema imeharibika. Uwongo haupendi kukaa peke yake.

Tata Kazadi alinifundisha mengi kuliko nilivyostahili. Alinifundisha kuingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, na kama kuna ubichi, niende zangu. Nichanganye udongo na vipande vya makaa na pumba iliyooza. Niuweke mahali penye mwanga mwingi lakini jua lisiuguse. Bia niiache, kitambaa cha maji kinatosha, na utomvu wake unawasha, watoto wasiutafune. Nilipomweleza habari ya mchanga wa mabaki alisema, "Tata, ile maua haikuomba mingi. Ni weye ulikuwa naomba." Nilikasirika. Nilipofika nyumbani hasira ilikuwa imekwisha, maana alikuwa amesema kweli.

Ukaja likizo. Hata begi hukulitua vizuri, ulikwenda dirishani. Sufuria ilikuwa ileile, nilikuwa nimeisugua isionekane imeguswa. Ukatafuta jani lenye O. Ukatafuta tena, ukiinua majani kwa vidole viwili kama mama yako. "Tata, jani yangu iko wapi?" Nikakuambia majani ya chini huzeeka na kuanguka. Hilo ni kweli, Odile, huanguka. Nimejifunza kwamba uwongo mzuri hujengwa kwa mawe ya kweli. Halafu ukainama, ukaweka shavu lako juu ya jani, ukafumba macho, ukasema, "Inanuka mama."

Mmea ulikuwa unanuka mbolea ya bata wa Tata Kazadi. Na mimi nilisimama nyuma yako, na ningeweza kukuambia. Ungelia siku hiyo, ungenichukia mwezi mmoja, na tungemaliza. Badala yake nilikwenda kukukaangia samaki.

Tangu hapo imekuwa miaka saba. Ulipougua malaria uliomba sufuria iletwe karibu na kitanda. Usiku wa kuamkia mitihani ya serikali niliona mkono wako umeshika jani huku unasali. Siku ulipokosa ile kazi ya hospitali uliyoingojea mwaka mzima, hukuja kwangu, ulikaa sakafuni na kuueleza mmea, na mimi nilisikia kila neno nikiwa jikoni. Nilikuwa na wivu, nikuambie kweli. Niliuonea wivu mmea nilioununua kwa redio. Huzuni yako ilikuwa na mahali pa kwenda, na mahali hapo nilikuwa nimepatengeneza mimi kwa hila, wala sikuweza kupabomoa bila kukubomoa wewe.

Sasa huo wa pili nao.

Sikuuzamisha safari hii. Nilifuata kila neno la Tata Kazadi. Lakini unajua tulivyopata ufa ukutani tangu watu wa mgodi walipoanza kulipua mawe karibu zaidi. Dirisha lilipopinda na kioo kuvunjika, niliziba kwa mbao, na sebule ikawa giza. Mmea ukatoa majani madogo, ya kijani, yasiyokuwa na shaba wala weusi. Nikausogeza kibarazani, vumbi la magari likaufunika. Nilipangusa asubuhi, saa sita majani yakawa meupe tena. Msimu wa mvua maji yakapita kwenye ufa wa paa, yakaingia ndani ya sufuria usiku kucha, nasi tumelala. Ubaya wa majani meusi ndio huo: hayaonyeshi ugonjwa mapema. Yale mengine hugeuka manjano ukayaona kutoka barabarani. Haya hubaki meusi, yanang'aa, na chini mizizi imekwisha oza. Ulikuwa unayapangusa hata Jumapili na hukuona kitu. Wiki iliyopita nilibonyeza shina pale linapoingia udongoni, kidole kikazama.

Nilijaribu. Nilikata vipande viwili vya juu, nikaviweka ndani ya chupa ya maji nyuma ya jiko, nikifikiri angalau nitakupa kimoja ukifiche ndani ya begi. Nilikuwa ninakwenda kuvitazama kama mtu mwenye mtoto hospitalini. Juzi maji yalianza kunuka. Vilikuwa vya kahawia mpaka ndani. Hakuna cha kukata tena.

Na hata kama mmea ungepona, ningeuweka wapi? Namba nyekundu iliyopakwa ukutani kwetu umeiona, na mimi nilikuambia ni ya hesabu ya nyumba tu. Ni ya wanaohamishwa. Chini ya sebule yetu kuna shaba, inaonekana, na inahitajika kuliko sisi. Mama Anyesi anayo namba yake pia. Nilimwomba asikuambie kabla hujaondoka. Wengine waliopewa namba kabla yetu walipelekwa mbali, mahali pasipo hata mti, na wengine bado wanangoja waambiwe waende wapi. Uliposema "nitarudia, nitaikuta", mwanangu, sikuona hata kitu kimoja utakachokikuta. Hutaukuta mmea, hutalikuta dirisha, na huu ukuta ninaouegemea sidhani utaona mwaka mwingine. Mimi nitakuwa mahali fulani. Sijui wapi.

Ungetaka nikuambie nimejifunza nini. Kidogo sana, na nimechelewa. Nilidhani ninakukinga na kifo cha pili cha mama yako. Kumbe nilikuwa ninajikinga mimi na uso wako. Mzazi akisema "sikutaka mtoto aumie", mara nyingi ni yeye aliyeogopa kutazama. Ukweli ule ungekuwa mdogo siku ile, wa kubebwa na mtoto wa miaka kumi na tano. Leo umekuwa mzigo ninaoutia kwenye begi la mtu anayesafiri, bila kumuuliza.

Nilikuwa na kitu kimoja cha kweli cha kukupa. Kabla sijaufukia ule wa kwanza, nilichuma jani lako lenye O, nikaliweka ndani ya kitabu cha misa cha mama yako. Miaka saba sikukifungua, nikijua jani limo. Asubuhi ya leo nimekifungua ili nililaze jani ndani ya barua hii. Lilikuwa limekauka likawa kama karatasi ya sigara, na vidole vyangu hivi vya mabaki haviwezi kitu laini. Limevunjikavunjika mezani. Nilijaribu kupanga vipande, nikitafuta mviringo. Mama Anyesi akapiga hodi, mlango ukafunguka, upepo ukaingia. Ndipo alipoleta kalamu.

Kwa hiyo huna kitu, Odile. Una barua tu. Nitaifunga ndani ya kitenge cha mama yako, kile cha kijani ulichosema utakifungua ukifika. Nimepima: hutakifungua njiani, kwa hiyo hutaweza kurudi nyuma kunigombeza. Bado ni mwoga, unaona, hata katika kuungama.

Nakuomba neno moja, na sina haki ya kuliomba. Mambo yakiharibika kule, niambie yameharibika. Kazi ikikosekana, mama mdogo wako akikuchoka, ukilala na njaa, usinifanyie nilivyokufanyia. Sitaweza kukusaidia. Nitajua tu, na kujua ni afadhali.

Mimi siwezi kukuahidi hivyo. Ninajijua. Utapiga simu, mtandao utakatikakatika, utaniuliza kwanza habari ya goti langu linaloniuma, halafu, ukiwa umekwisha kusoma haya yote au hujayasoma bado, utauliza, "Tata, maua iko namna gani?" Na mimi, mahali popote watakapokuwa wamenitupa, bila sufuria, bila dirisha, nitasikia sauti yako na nitasema, "Iko muzuri, mwanangu. Imetoa jani mupya."

Usinisadiki. Lakini usiache kuniuliza.

Nasikia nyimbo zenu zimekoma huko kanisani. Utafika sasa hivi. Nimetia kidole kwenye udongo wa sufuria, bado una ubichi.

Tata yako